Mark II linachemsha mlima wa Kiwira: nilitengeneze au nilipeleke yadi niongezee hela?

mtu_wa_Tukuyu

Wakuu, habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana nimeshazunguka kwa fundi, kwa ndugu na kwa dalali, na kila mmoja alinipa jibu kabla sijamaliza kueleza.

Nina Mark II GX110, namba B (usajili wa zamani kuliko C na D), injini 1G ya silinda sita, cc 2000, otomatiki. Nimekaa nalo miaka tisa. Naishi Uyole, nina duka dogo la pembejeo, na mama yangu yuko Tukuyu. Kila baada ya wiki mbili namfuata, namleta kliniki ya presha Mbeya mjini, analala kwangu siku moja au mbili, kisha namrudisha. Nikirudi mtupu napakia viazi gunia mbili tatu za Isongole. Kwa jumla natembea kama kilomita 1,000 kwa mwezi.

Tangu Machi, nikipanda kutoka Kiwira kwenda Isongole mshale wa temprecha unapanda. Nilikuwa napunguza mwendo, nazima AC, nafika. Wiki mbili zilizopita nikiwa na mama nilikwama nyuma ya lori la ndizi, mshale ukagusa nyekundu, mvuke ukatoka kwenye boneti. Nikaegesha pembeni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, baridi ya kule mnaijua. Mama alijifunika kitenge chake na koti langu, tukakaa karibu saa nzima tukisubiri injini ipoe. Hakulalamika. Alisema tu, "Safari ijayo nipandishe Koasta, mwanangu, usihangaike." Maneno hayo sijayasahau mpaka leo.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliangalia rejeta, akasikiliza injini dakika mbili, akasema gasketi ya hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda) imekwenda na hedi itakuwa imepinda, nitafute injini ya mtumba. Injini 1,600,000, ufundi 250,000, na oili, koolanti na mikanda, inafika 2,100,000. Shokapu za mbele na bushi nazo zimekwisha, hizo 380,000.

Upande wa pili kuna mtu wa yadi. Analichukua gari kama lilivyo kwa 3,500,000, mimi naongeza 7,000,000, naondoka na IST namba D, cc 1300. Akiba yangu ni 4,000,000. Milioni tatu zilizobaki itabidi nikope kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa. Amenipa siku kumi.

Mke wangu anasema tubadilishe tupumzike. Kaka yangu anasema gari la Kijapani la zamani haliachwi kirahisi. Mimi nimeshindwa kuamua. Nisaidieni.

kijana_wa_Soweto

Badilisha, mkuu, wala usijiulize mara mbili. Piga hesabu ya wese peke yake. Hiyo 1G kwa milima ya kwenu haikupi zaidi ya kilomita 8 kwa lita. IST ikiendeshwa vizuri inakupa 14. Kilomita 1,000 kwa mwezi, Mark II inakunywa lita 125, IST lita 71. Lita ikiwa karibu 3,000 unaokoa 162,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni karibu milioni mbili.

Na kama unaogopa yule wa yadi atashusha bei akigundua linachemsha, kuna dawa ya kuziba inauzwa dukani, unamimina kwenye rejeta, inashika wiki mbili tatu. Mpelekee asubuhi injini ikiwa ya baridi, saini, ondoka na IST yako.

Mama_Parachichi

Mleta uzi, pole na mama. Kabla ya mengine, hiyo dawa usiiweke. Na wewe kijana wa Soweto nakuomba usimpe mtu ushauri huo tena.

Mwaka fulani nilinunua Noah kwa mtu, nikaijaribu pale mjini ikaenda vizuri. Siku ya nne nikiwa na wanangu wawili kuelekea Njombe, ikachemsha kabla ya Makambako, ikazima, ikagoma kabisa. Giza likatukuta barabarani. Fundi alipofungua alikuta ndani kumejaa kitu kama gundi, kwenye rejeta, kwenye pampu ya maji, mpaka njia za hita. Aliyeniuzia alijua. Alijua pia kwamba nina watoto, maana aliwaona wamekaa kiti cha nyuma wakati namhesabia hela. Yule wa yadi hatalitumia gari lako yeye, atamuuzia mtu mwingine, na huyo mtu naye ana mama.

Kuhusu swali lako: miaka tisa unaijua kila sauti ya gari hilo. Ya hiyo IST unajua nini zaidi ya rangi yake?

fundi_sae

Mleta uzi, mimi ni fundi, nipo Mbeya mjini. Naomba usiamue chochote mpaka ujue gari linachemsha kwa nini. Hapa unapima kati ya kutumia milioni mbili na kuongeza milioni saba, na zote mbili zimejengwa juu ya neno la mtu ambaye hakufungua hata boliti moja.

Nijibu haya kwanza. Barabara ya tambarare linachemsha? Ukitoka Uyole ukaenda mpaka Chimala, mshale unakaaje? Maji yanapungua kiasi gani kwa wiki? Asubuhi kabla hujawasha, fungua mfuniko wa rejeta, mtu mwingine awashe injini, wewe angalia: kuna mapovu yanatoka mfululizo? Chomoa kijiti cha oili: rangi yake ni ya oili au imekuwa kama chai ya maziwa? Mwisho, themostati, kile kifaa kinachoachia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, ipo au iling'olewa?

Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto. Nimeona watu wameungua uso.

mtu_wa_Tukuyu

Nashukuru, fundi. Leo asubuhi nimefanya kama ulivyosema. Mapovu hakuna, yalitoka mawili matatu mwanzoni yakaacha. Oili ni nyeusi ya kawaida. Maji yanapungua kama nusu lita kwa wiki, naongeza. Jumapili nilienda mpaka Chimala makusudi, mwendo wa 80, mshale haukusogea. Narudi, kwenye kupanda nyuma ya semi ukaanza tena. Themostati fundi mmoja aliing'oa miaka miwili iliyopita, akasema kwa Tanzania haina kazi.

Maji ninayoongeza ni ya bomba, na nikiwa njiani ni ya mto au ya mfereji, chochote kilicho karibu.

fundi_sae

Sasa tunaongea. Nitaandika kirefu, maana najua wapo wengi wanasoma wenye shida hiyohiyo.

Kwanza elewa tunaishi wapi. Usawa wa bahari maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huku maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo sababu maharage yetu yanakula mkaa mwingi kuliko ya Dar. Injini nayo inafanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni ule mfuniko. Una springi na mpira, unafungia mgandamizo ndani, na mgandamizo ukipanda maji yanahimili joto kubwa zaidi bila kuchemka. Juu yake pameandikwa kiwango cha mgandamizo huo, 0.9 au 1.1. Mpira ukipasuka au springi ikilegea, mgandamizo unatoroka na maji yanachemka kwenye joto la kawaida kabisa la injini. Mtu wa Dar anaweza kutembea na mfuniko mbovu asijue muda mrefu. Wewe wa Isongole utajua mapema. Kifaa chenyewe hakifiki bei ya kumwaga oili.

Pili, hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu karibu asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo mlimani unakandamiza mafuta zaidi kupata nguvu ileile, injini inatoa joto zaidi, na hewa inayopita kwenye rejeta inabeba joto kidogo.

Tatu, na hapa ndipo ninapopashuku zaidi kwako: feni. GX110 haina feni ya umeme kama IST. Feni yake inazungushwa na mkanda, na katikati ina kilachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Rejeta ikipata moto, kilachi inashika na feni inavuta hewa kwa nguvu. Mafuta yale yakivuja au yakichoka, feni inazunguka kwa uvivu. Ukiwa mwendo wa 80 kwenda Chimala huoni shida, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Ukiwa nyuma ya lori la ndizi kwa mwendo wa 20, upepo haupo na feni haipo. Hiyo ndiyo hali uliyotueleza mwenyewe.

Nne, maji ya mfereji. Rejeta yako ndani itakuwa imejaa tope na kutu. Koolanti si maji ya rangi kama wengi wanavyodhani. Inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka.

Tano, themostati. Waliokuambia haina kazi wamekukosea. Juni na Julai asubuhi ya Uyole injini isiyo na themostati inachukua muda mrefu kupata joto lake, inakunywa petroli nyingi na oili inajaa uchafu. Sidhani kama ndiyo inayokuletea kuchemsha, lakini sehemu ya mafuta anayokuhesabia kijana wa Soweto inapotelea hapo.

Sikuambii kwamba hedi ni nzima kwa hakika. Hii 1G ina silinda sita mstari mmoja, hedi yake ni ndefu, na hedi ndefu ikichemshwa mara kwa mara inapinda kweli. Ila inapimwa. Fungua plagi zote sita uzipange kwa mfuatano. Ukikuta moja imesafishika kama imeoshwa kwa mvuke, silinda hiyo inakunywa maji. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Usitishwe na namba za kitabu, kwa mwinuko huu lazima zisome chini kidogo. Unachotazama ni kama zote sita zimekaribiana. Zikishuka mbili zilizo jirani, gasketi imepasuka kati yake.

Na moshi mweupe wa asubuhi usikutishe. Kwa baridi yetu kila gari linatoa mvuke asubuhi. Wa kuogopa ni ule unaoendelea injini ikiwa imeshapata moto.

Kasumulu_Dar

Fundi amesema vizuri, lakini acheni na sisi wengine tuseme. Mimi ni dereva wa malori, njia hii ya Kasumulu mpaka Dar naijua usiku na mchana, na ninachokiona kwenye miteremko kinanisumbua.

Nilikuwa na Carina Ti. Niliipenda. Ilianza na rejeta, nikatengeneza. Ikaja giaboksi, nikatengeneza. Ikaja raki ya stelingi, kisha waya, kisha injini ikaanza kula oili. Kila mara nilijiambia "nimeshaingiza hela nyingi, nimalizie hii moja tu". Mwaka mmoja na nusu niliandika matengenezo ya 4,300,000 kwenye gari ambalo sokoni lilikuwa na thamani hiyohiyo. Mwisho nililiuza kwa wanaokata magari kuuza spea. Ile hela niliyokwisha kuiweka ndiyo iliyokuwa inanivuta niweke nyingine, na yenyewe ilikuwa imeshakwenda, hairudi hata ningefanya nini.

Ndugu yangu, hapa hatuzungumzii injini peke yake. Shokapu za mbele umesema zimekwisha. Je, breki? Mipira ya breki ina miaka mingapi? Mteremko wa Iwambi na Mlima Nyoka umeshachukua watu wengi. Mimi nikiwa juu na tani 30 naona gari dogo mbele yangu taa za breki zinawaka mfululizo toka juu mpaka chini, najua huyo breki zake zinaungua. Ukiamua kulitengeneza, litengeneze lote. Hilo la kupona kuchemsha tu halafu unamteremsha mama na breki za zamani, nakukataza kama ndugu.

Mimi nina daftari sasa. Matengenezo ya mwaka mmoja yakizidi nusu ya bei ambayo mtu angeninunulia gari leo, naliacha. Hiyo ni sheria yangu mwenyewe, sikuisoma popote.

Mnyalukolo_Ipogolo

Kamwene. Mimi nataka kuongelea hiyo IST, maana watu wote wanaliangalia Mark II kana kwamba IST haina historia.

Usiende yadi mchana. Nenda asubuhi mapema, shika boneti kwa mkono. Ikiwa ya moto, wameshaiwasha kabla hujafika, uliza kwa nini. Iwashe ya baridi usikilize sekunde za kwanza. Injini yake ya 2NZ ina mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, na mnyororo uliolegea unapiga kelele mwanzoni kabla oili haijapanda. Toa kijiti cha oili, kisha fungua mfuniko wa oili wenyewe: ukikuta uchafu mzito kama lami, mwenye nalo alikuwa hamwagi oili kwa wakati. Kama ni IST ya toleo la kwanza, ya 2002 hadi 2007, giaboksi yake ni ya gia nne, iendeshe mpaka ubadilishaji wote upite. Ikishtuka kutoka ya pili kwenda ya tatu, achana nayo. Ipandishe mlima. Wakikuambia mwisho wa kuijaribu ni geti la yadi, basi umeshapata jibu.

Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee. Angalia pedeli ya breki, usukani na kiti cha dereva. Gari lenye kilomita 80,000 halichakazi pedeli mpaka chuma kionekane.

Halafu karatasi. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na kadi. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awe na mkataba unaoonesha alinunua kwa nani. Angalia deni la faini za trafiki na deni la maegesho kwa namba ya gari, vyote vinaangaliwa kwa simu. Mkataba wa mauziano upitie kwa wakili, na uhamisho TRA ufanyike kwa magari yote mawili. Mark II ikiondoka na jina lako likabaki kwenye kadi, faini zitaendelea kuja kwako.

Jambo lingine. Jiulize kwa nini yadi inalitaka gari linalochemsha. Gari la nje siku hizi lina ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na likizidi miaka 10 tangu kutengenezwa linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Kwa hiyo magari yaliyokwisha kuingia nchini hayaporomoki bei kama tunavyodhani. Yule bwana huenda ameshasikiliza injini yako. Anajua anachonunua, na inawezekana anajua kwa nini linachemsha kuliko unavyojua wewe.

kijana_wa_Soweto

Mama Parachichi, nimekuelewa, na samahani. Niliandika kama mtu anayeangalia upande mmoja wa biashara. Hilo la dawa naliondoa. Hesabu ya mafuta lakini nasimama nayo.

mwalimu_Mafinga

Hesabu ya mafuta ni sahihi, ila haijaisha. Nakuomba, kijana, tuimalizie pamoja.

Kama ukarabati wa kweli ni 2,500,000 na kubadilisha ni 7,000,000, tofauti ni 4,500,000. Gawanya kwa 162,000 unapata miezi 28. Hapo kubadilisha kuna maana, miaka miwili na miezi minne si mbali. Lakini kama fundi wa Sae yuko sahihi na ukarabati hauzidi milioni moja, tofauti inakuwa 6,000,000, yaani miezi 37, na bado hatujaweka riba ya ile milioni tatu. Bado hatujaweka matairi na shokapu za IST, maana nayo ni gari lililotumika. Kwa hiyo jibu la mafuta linategemea jibu la fundi.

Na swali hili ulijibu mwenyewe moyoni, si lazima utuandikie hapa: akiba ya milioni nne ikiisha yote siku moja, na mama akaumwa wiki inayofuata, utatoa wapi? Kukopa nakukubali kwa kitu kinacholeta hela. Duka lako la pembejeo linahitaji mtaji Oktoba na Novemba kabla ya mvua, mbolea haisubiri. Kwa kweli hilo la mtaji ndilo linalonipa wasiwasi kuliko gari.

mtu_wa_Tukuyu

Mwalimu, umegusa penyewe. Oktoba mwaka jana nilikosa mzigo kwa sababu hiyohiyo. Naomba siku chache, nakwenda kupima kwanza.

Mama_Parachichi

Ukienda gereji, kaa hapohapo. Usiache gari ukaenda sokoni. Na spea ikitolewa ipewe wewe mkononi, ya zamani na mpya.

mtu_wa_Tukuyu

Wakuu, nimerudi na majibu. Zimepita siku nane.

Nilikwenda gereji nyingine, nikakaa na fundi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni. Plagi zote sita rangi moja, kahawia hafifu. Kompresheni zimekaribiana zote. Hedi haijaguswa.

Rejeta ilipofunguliwa nilisikitika. Alikata tenki la juu akanionesha: zaidi ya nusu ya mirija imeziba kwa tope la rangi ya kahawa, gumu kama udongo wa tanuri. Alichomeka waya mwembamba kwenye mrija mmoja baada ya mwingine, kwenye mingi waya haukupita. Haya ndiyo maji ya mifereji ya miaka tisa, na niliyamimina mimi mwenyewe. Mpira wa mfuniko ulikuwa umepasuka pande mbili. Na feni, fundi aliacha injini ipate moto kabisa, akazima, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikazunguka mizunguko kadhaa bila kushika. Akaniambia ikiwa nzima na injini ni ya moto, inatakiwa ikatae.

Fundi wa Sae, umeliona gari langu ukiwa mbali. Ndaga fijo, asante sana.

Hesabu iko hivi: rejeta 220,000, kilachi ya feni ya mtumba 90,000, mfuniko 15,000, themostati 35,000, mipira ya maji 40,000, koolanti 60,000, ufundi 80,000. Jumla 540,000. Nikaweka shokapu na bushi 380,000. Dereva wa Kasumulu, neno lako nililibeba pia: mipira ya breki ya mbele ilikuwa na nyufa, nimebadili yote minne na mafuta ya breki, 130,000. Kwa hiyo 1,050,000 yote pamoja, na sijakopa.

Juzi nilipakia viazi gunia tatu Kiwira makusudi, nikatafuta lori la kukaa nyuma yake. Nikalipata lenye saruji, linakwenda taratibu kweli. Nilizima redio nikawa naangalia mshale tu. Ulipanda mpaka chini kidogo ya katikati, ukakaa hapo. Tukafika Isongole, tukapita Isyonje, haujasogea. Kwenye kupanda feni ilikuwa inanguruma kwa sauti nzito ambayo nilikuwa sijaisikia miaka mingi, nikakumbuka kwamba gari hili lilikuwa linanguruma hivyo nilipolinunua.

Yule wa yadi nimempigia nikamwambia silitoi. Akapandisha mpaka 4,800,000 kwa simu hiyohiyo. Nikamshukuru.

Mke wangu tumekaa tukaelewana hivi: tunaanza daftari kama la dereva, na kila mwezi tunaweka 100,000 pembeni kwa ajili ya gari. Matengenezo yakizidi nusu ya bei yake ndani ya mwaka, tunaliuza kwa kusema ukweli wote, na hiyo akiba ndiyo itakayoongezea. IST haijafutwa, imesogezwa mpaka baada ya msimu wa mbolea ujao.

Jana nimemleta mama. Alikuja na mkungu wa ndizi na dumu la maziwa, na pale tulipoegesha siku ile aliangalia dirishani akasema ukungu leo umekuwa mdogo. Koasta hakuitaja.

Limebaki moja. Fundi alipoinua kapeti upande wa abiria mbele tukakuta unyevu na kutu, sehemu moja imetoboka upana wa sarafu. Nizibe na bati au nikate kabisa?

fundi_sae

Nimefurahi sana kwa ajili ya mama. Hilo la kutu kata, usibandike bati juu yake, itaendelea kula chini kwa chini na mvua za Rungwe hujui zinaisha lini. Kwanza tafuta maji yanaingilia wapi, mara nyingi ni mpira wa mlango au njia ya maji chini ya kioo cha mbele imeziba majani. Toa kapeti lote nyumbani, lianike liwe kavu kabisa, kisha njoo nalo Jumamosi asubuhi kabla foleni ya welding haijaanza.